Kufuta na kuandika upya chipu ya BIOS kwenye kompyuta au rauta iliyokufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliye na laptopu, ubao mama au rauta isiyowaka kwa sababu programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu ya flashi (kwa kompyuta huitwa BIOS) imeharibika, na ambaye yuko tayari kufungua kifaa. Mifano mingi ni ya chipu za miguu minane za jamii ya 25 (Winbond W25Q, Macronix MX25, GigaDevice GD25), kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye kompyuta na rauta nyingi.

Nitajuaje kuwa ni BIOS iliyoharibika na si ubao?

Anza na historia ya kifaa. Umeme ulikatika katikati ya kusasisha BIOS? Mtu alizima mashine akidhani imeganda? Hapo shaka ni ndogo. Kama kompyuta ilizima tu siku moja bila mtu kugusa chochote, au ilimwagikiwa maji, shuku kwanza mfumo wa umeme wa ubao.

Dalili ya kawaida ya BIOS mbovu: taa ya umeme inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi, na hali hiyo haibadiliki hata ukitoa RAM yote. Laptopu nyingi hupepesa taa ya Caps Lock kwa idadi maalumu. Itafute idadi hiyo kwenye mwongozo wa modeli yako kabla ya kushika bisibisi. Kwenye ubao, pima mguu wa 8 wa chipu ya BIOS, ule wa umeme. Mashine ikiwa imewashwa lazima kuwe na volti 3.3, au 1.8 kwa chipu za aina hiyo. Kama hakuna volti, kuandika chipu upya hakutasaidia kitu.

Kuna njia ya kuifufua bila kufungua?

Mara nyingi ipo, na ijaribu kwanza. Kwenye laptopu nyingi za HP, weka faili la BIOS kwenye flashi ya USB iliyoformatiwa FAT32, shikilia vitufe vya Windows na B pamoja, kisha bonyeza kitufe cha umeme kwa sekunde 2 hadi 3. Kwenye Dell nyingi, shikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Mbao mama za ASUS zenye USB BIOS Flashback, na za MSI zenye kitufe cha Flash BIOS, hujiandika zenyewe bila hata prosesa kuwepo. Kwa MSI faili lipewe jina MSI.ROM na lichomekwe kwenye tundu la USB lililowekewa alama.

Njia za HP na Dell hutegemea kipande kidogo cha programu ya kuanzia kilichobaki kizima ndani ya chipu. Kikiwa nacho kimefutika, inabidi uende kwenye chipu yenyewe.

Kufuta chipu ya flashi ni kufanya nini hasa?

Ukilielewa hili, makosa mengi ya mbele yatajieleza. Katika flashi ya aina ya NOR, kuandika kunaweza tu kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0. Kuirudisha 0 iwe 1 hakuwezekani kwa biti moja moja. Lazima ufute eneo zima, na eneo dogo kabisa ni sekta ya kilobaiti 4. Yako pia maeneo ya kilobaiti 32 na 64, na amri ya kufuta chipu nzima. Eneo lililofutwa husomeka FF kila baiti. Kisha uandishi hufanyika kwa kurasa za baiti 256.

Ndiyo maana kuandika juu ya data ya zamani bila kufuta huleta mchanganyiko: palipokuwa na 0 panabaki 0, na faili unalosoma baadaye si la zamani wala si jipya. Fujio Masuoka wa Toshiba ndiye aliyebuni kumbukumbu hii na kuitangaza mwaka 1984. Jina la flashi lilitoka kwa mwenzake, aliyeona kufutika kwa eneo zima kwa mpigo kunafanana na mwanga wa kamera.

Nahitaji vifaa gani?

Programa ya CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu), klipu ya SOIC8 yenye waya ya kushika chipu ya miguu minane, kibao cha kushusha volti hadi 1.8, mita, na kompyuta nzima yenye Linux na programu ya flashrom. Wanaotumia Windows hufanya kazi hiyohiyo kwa AsProgrammer au NeoProgrammer. Klipu ya bei ya chini hufanya kazi mara kumi au ishirini, kisha meno yake hulegea na kuanza kukuchezea akili. Ukiwa fundi wa kila siku, nunua iliyo imara.

Mwenye Raspberry Pi hahitaji CH341A. Unganisha pini 17 (volti 3.3) na mguu wa 8 wa chipu, pini 25 na mguu wa 4, pini 19 na mguu wa 5, pini 21 na mguu wa 2, pini 23 na mguu wa 6, pini 24 na mguu wa 1. Washa SPI (njia ya kuwasiliana na chipu) kwenye mipangilio, kisha:

`flashrom -p linux_spi:dev=/dev/spidev0.0,spispeed=512 -r soma1.bin`

Nasikia CH341A nyeusi inaua chipu. Ni kweli?

Ni kweli kwamba toleo jeusi lina kasoro. Mguu wa umeme unatoa volti 3.3 kama inavyotakiwa, lakini nyaya za data zinatoka na karibu volti 5, kwa sababu chipu ya CH341A yenyewe inalishwa volti 5 za USB. Chipu ya BIOS ya volti 3.3 imeundwa kwa volti 2.7 hadi 3.6. Nyingi huvumilia, ila ukiifunga klipu juu ya ubao, volti hizo 5 zinaingia pia kwenye chipseti (chipu kuu ya ubao), na huko hasara ni kubwa zaidi.

Pima kabla hujaitumia: programa ikiwa kwenye USB bila chipu, weka mita kati ya mguu wa 4 na mguu wa 1, 5 au 6 wa soketi. Ukiona karibu 5, irekebishe. Nyanyua mguu wa 28 wa CH341A utoke kwenye ubao, kisha uunganishe huo na mguu wa 9 kwenye volti 3.3 za regulita iliyopo palepale. Ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye solda yenye ncha nyembamba.

Chipu iko wapi, na maandishi yake yana maana gani?

Tafuta chipu ya miguu minane, minne kila upande, karibu na chipseti. Futa vumbi kwa spiriti, mulika kwa pembeni, piga picha kwa simu na uikuze. W25Q64FV: 64 ni megabiti, yaani megabaiti 8. Hivyo 128 ni megabaiti 16 na 256 ni megabaiti 32. Herufi za mwisho ndizo zenye kuua: FV na JV ni za volti 3.3, FW na JW ni za volti 1.8. Kwa Macronix, MX25L ni 3.3 na MX25U ni 1.8. Kwa GigaDevice, GD25Q ni 3.3 na GD25LQ ni 1.8.

Chipu ya 1.8 ina mwisho wa volti 1.95. Usiiguse na programa bila kile kibao cha kushusha volti.

Mashine nyingine zina chipu mbili. ThinkPad X230, kwa mfano, ina moja ya megabaiti 8 na nyingine ya megabaiti 4, na ubao huziona kama kumbukumbu moja ya megabaiti 12. Soma zote mbili, kila moja kwenye faili lake lenye jina linaloeleweka.

Nifunge klipu vipi?

Toa chaja. Toa betri kubwa. Kama imo ndani, chomoa plagi yake kwenye ubao. Toa na ile betri ya CR2032. Bonyeza kitufe cha umeme sekunde 10 ili kumaliza chaji iliyobaki. Mguu wa 1 una kidoti kwenye kona ya chipu, na waya mwekundu wa klipu ndio wa mguu wa 1. Klipu ikikaa kinyume, umeme unaingia mahali pasipo pake na chipu huanza kupata moto. Ukisikia joto kwa kidole, chomoa USB mara moja.

Funga klipu kwenye chipu kwanza, halafu ndipo uchomeke programa kwenye USB.

Hatua za kusoma ni zipi?

Angalia kwanza kama programa inaonekana: `lsusb` inatakiwa kuonyesha 1a86:5512. Ikionyesha 1a86:5523, jampa ya programa (kijipande cha kuunganisha pini) imewekwa upande wa mawasiliano ya siria, ihamishe. Kisha:

`flashrom -p ch341a_spi`

Itataja chipu iliyoiona. Inafanya hivyo kwa kutuma amri 9F na kusoma baiti tatu za utambulisho: EF 40 17 ni Winbond ya megabaiti 8, EF 40 18 ni ya megabaiti 16, C2 20 17 ni Macronix ya megabaiti 8, C8 40 17 ni GigaDevice ya megabaiti 8. Jibu la FF FF FF au 00 00 00 maana yake hakuna mawasiliano: klipu haijashika, au umeme haufiki. Ikitaja majina zaidi ya moja, chagua linalolingana na maandishi ya chipu kwa `-c`, kisha:

`flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin`

Toa klipu, ifunge tena, soma mara ya pili kwenye soma2.bin, na ulinganishe:

`sha256sum soma1.bin soma2.bin`

Namba zikifanana herufi kwa herufi, na ukubwa ukiwa kamili (8,388,608 kwa megabaiti 8, 16,777,216 kwa megabaiti 16), nakili faili hilo sehemu mbili tofauti. Kabla ya hapo usifute chochote. Hata BIOS iliyoharibika ina vitu ambavyo haviko popote pengine duniani: anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao), namba ya siria ya mashine, ufunguo wa Windows uliokuja nayo. Kuifuta kunachukua dakika chache tu, na mtengenezaji hana nakala ya kukupa.

Nimesoma mara mbili, mafaili hayafanani.

Yalinganishe: `cmp -l soma1.bin soma2.bin | wc -l`. Tofauti ya baiti chache huwa ni mguso hafifu wa klipu au waya mrefu. Tumia waya wa sentimita 10 hadi 20 na ubadilishe tundu la USB, likiwezekana la nyuma ya kompyuta ya mezani. Tofauti ya maelfu huwa ni umeme: ubao mzima unakunywa zile volti 3.3 kupitia klipu. Pima mguu wa 8 wakati wa kusoma. Ikishuka chini ya 2.7, chipu haiwezi kusomeka kwa uhakika juu ya ubao huo, na itabidi inyofolewe.

Kuna mtego mwingine: mafaili mawili yanayofanana kwa sababu yote ni FF tupu. Fungua kwa `hexdump -C soma1.bin | head`. Kwenye mashine za Intel, chipu nzima yenye BIOS huwa na alama 5A A5 F0 0F kwenye nafasi ya 0x10. Ukiiona, unasoma vizuri.

Niandike faili gani?

Hapa ndipo mashine nyingi zilizokuwa zinaokoleka huharibiwa. Kuna njia tatu, na ubora wake ni kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni nakala ya chipu hiyohiyo iliyochukuliwa mashine ikiwa nzima. Wachache wanayo. Kwa hiyo kama unahudumia ofisi yenye kompyuta za aina moja, inafaa kuzisoma zikiwa bado zinawaka.

Ya pili ni kujenga faili kutoka vipande viwili: data ya mashine yako kutoka soma1.bin, na BIOS safi kutoka kwa mtengenezaji. Chipu ya mashine ya Intel imegawanywa maeneo: ramani ya maeneo ya kilobaiti 4 mwanzoni, eneo la Intel ME (programu ya kidhibiti cha ndani cha Intel), eneo la kadi ya mtandao lenye MAC, na eneo la BIOS. Zitenganishe kwa ifdtool ya mradi wa coreboot:

`ifdtool -x soma1.bin`

Utapata mafaili kama flashregion_1_bios.bin na flashregion_2_intel_me.bin. Sasa fungua faili la mtengenezaji kwa programu ya UEFITool, toa eneo la BIOS pekee, hakikisha ukubwa wake ni uleule wa eneo lako, kisha liingize:

`ifdtool -i BIOS:bios_mpya.bin soma1.bin`

Faili jipya litakuwa soma1.bin.new, na eneo la MAC halikuguswa. Angalia pia sehemu ya NVRAM (mipangilio iliyohifadhiwa) iliyo ndani ya eneo la BIOS. Kwenye laptopu nyingi siria na ufunguo wa Windows hukaa huko au karibu yake, na zinafaa kuhamishwa kwa kihariri cha heksa kutoka nakala ya zamani.

Ya tatu ni faili la mashine nyingine ya modeli ileile, kama yale yanayozunguka kwenye magrupu ya mafundi ya WhatsApp na Telegram. Mashine inaweza kuwaka, lakini itabeba siria na MAC ya mtu mwingine. Kompyuta mbili zenye MAC moja kwenye ofisi moja hugombania mtandao, na aliyezitengeneza hatakuwepo kueleza kwa nini. Ukilazimika kuitumia, hamisha data ya mashine yako.

Faili la mtengenezaji lisiandikwe lilivyo. Mara nyingi ni EXE, au lina kichwa mbele yake. Mafaili ya .CAP ya ASUS yana kichwa cha baiti 2,048, kwa hiyo faili la chipu ya megabaiti 8 huwa baiti 8,390,656. Kiondoe hivi:

`dd if=BIOS.CAP of=bios.bin bs=2048 skip=1`

Sasa nifute kwanza au niandike moja kwa moja?

flashrom hufuta yenyewe pale tu panapohitajika, halafu huandika na kuhakiki:

`flashrom -p ch341a_spi -c JINA_LA_CHIPU -w soma1.bin.new`

Ukitaka kugusa eneo la BIOS pekee ongeza `--ifd -i bios`. Faili bado liwe la ukubwa wa chipu nzima. Kwa AsProgrammer na wenzake, fuata mpangilio wa kufuta, kukagua kama ni tupu, kuandika, kuhakiki, bila kuruka hata moja. Kufuta W25Q64 nzima kwa kawaida huchukua kama sekunde 20, lakini mtengenezaji anaruhusu hadi 100, na W25Q128 hadi 200. Usichomoe ukidhani imeganda. Kompyuta unayoitumia iwe laptopu yenye chaji au iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika tena hapa unarudi ulikoanzia.

Ujumbe unaotaka kuuona ni VERIFIED.

Kufuta kumeshindikana, ingawa kusoma kunafanya kazi.

Kusoma kunahitaji umeme mdogo kuliko kufuta, kwa hiyo umeme hafifu ndio sababu ya kwanza. Ya pili ni ulinzi: biti za BP kwenye rejista ya hali zimefunga maeneo ya chipu. Angalia kwa `--wp-status`, fungua kwa `--wp-disable`. Ikikataa, hakikisha mguu wa 3 uko juu, karibu na volti ya umeme. Ukivutwa chini na ubao, rejista inaweza kubaki imefungwa. Mguu wa 7 ukivutwa chini, chipu inasimamisha mawasiliano kabisa. Ya tatu ni chipu kuchoka. Zimepimwa kwa mizunguko 100,000 ya kufuta, idadi ambayo BIOS haifikii, ila joto na volti zisizofaa huziua mapema.

Imehakikiwa lakini haiwaki.

Umetoa klipu? Mashine haiwaki klipu ikiwa juu ya chipu. Kisha ipe muda: baada ya BIOS mpya, ubao hupima RAM upya na unaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, skrini ikiwa nyeusi zaidi ya dakika moja. Acha RAM moja tu. Ukiwa na bodi ya chipu mbili, angalia kama hukuandika faili la chipu moja kwenye nyingine. Baada ya hayo, shuku toleo: laptopu za jina moja hutofautiana ubao ndani, kwa hiyo linganisha namba iliyoandikwa kwenye ubao wenyewe.

Inawaka vizuri, inazima baada ya dakika 30.

Eneo la Intel ME limeharibika au halilingani na ubao. Rudisha flashregion_2_intel_me.bin ya soma1.bin, au ME safi ya toleo lilelile.

Kwa rauta mambo ni tofauti?

Chipu ni zilezile, ila jaribu kwanza TFTP, njia ya kutuma faili kupitia waya wa mtandao. Kwenye TP-Link nyingi, ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, washa seva ya TFTP yenye faili la jina ambalo modeli hiyo inalitafuta (Archer C7 v2 hutafuta ArcherC7v2_tp_recovery.bin), kisha washa rauta ukiwa umeshikilia kitufe cha reset.

Ikibidi kuandika chipu, jua kwamba rauta za TP-Link zenye prosesa ya Atheros na flashi ya megabaiti 4 huweka U-Boot (programu ya kuwashia rauta) katika kilobaiti 128 za mwanzo, MAC kwenye 0x1FC00, na vipimo vya redio katika kilobaiti 64 za mwisho, eneo liitwalo ART. Vipimo hivyo vilichukuliwa kiwandani kwa rauta hiyo moja. Ukiifuta chipu nzima bila nakala, WiFi itapotea au itakuwa dhaifu, hata kama kila kitu kingine kinafanya kazi.

Ninyofoe chipu vipi?

Paka fluksi, funika plastiki za jirani kwa tepu ya joto, tumia hewa ya nyuzi 350 hivi ukizungusha pua, na usiivute: ukiigusa kidogo itasogea yenyewe risasi ikishayeyuka. Chipu bapa za WSON hazina miguu ya nje, kwa hiyo klipu haishiki na kunyofoa ndiyo njia ya kawaida. Kabla ya kuirudisha, chipu ikiwa kwenye soketi, isome mara ya mwisho na ulinganishe na faili uliloandika.

Virusi vinaweza kufuta BIOS?

Ndiyo. Kirusi cha CIH kilifanya hivyo tarehe 26 Aprili 1999 kwa kompyuta nyingi za Windows 95 na 98. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza programu hasidi ya LoJax, ambayo haikufuta bali ilijificha ndani ya chipu ya UEFI (BIOS ya kisasa), na kufomati diski hakukuiondoa. Mashine ya namna hiyo hutibiwa kwa kuandika eneo la BIOS upya kutoka nje, kwa hatua zilezile za hapo juu.

Naweza kutumia njia hii kwa simu?

Hapana. Hifadhi ya simu ni eMMC au UFS, flashi ya NAND yenye kidhibiti chake, na chipu zake zina mipira ya risasi chini badala ya miguu. Inahitaji programa na soketi nyingine, na CH341A haiwezi kuwasiliana nayo.